Mafuta Ambayo Mwili Hauwezi Kuyatengeneza

Mwaka 1929, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, panya waliokuwa wakilishwa kwa uangalifu mkubwa walianza kuota magamba mkiani. Chakula chao kilikuwa na protini safi, sukari, madini na vitamini zilizojulikana wakati huo. Kilikosa kitu kimoja tu, nacho ni mafuta. Miguu ikavimba na kuchubuka, manyoya yakapukutika, damu ikatokea kwenye mkojo, na mwishowe panya wakafa. Ugonjwa ule haukuwa na jina, kwani hadi siku hiyo wanasayansi wengi hawakuamini kwamba kiumbe aliyeshiba anaweza kufa kwa kukosa mafuta.

Kutoka kwenye mikia ile ndipo yalipopatikana maarifa ya asidi muhimu za mafuta. Zinaitwa muhimu kwa maana moja mahususi: mwili wa binadamu unazihitaji lakini hauna uwezo wa kuziunda, hivyo ni lazima zitoke kwenye chakula. Ziko mbili, mithili ya ndugu. Mmoja ni asidi ya linoleiki, mama wa jamii ya omega-6, ambayo imejaa kwenye alizeti, ufuta na mahindi. Wa pili ni asidi ya alfa-linoleniki, mama wa jamii ya omega-3, inayopatikana kwenye kitani, soya na majani mabichi, na ambayo watoto wake wakubwa, EPA na DHA, hukaa zaidi ndani ya samaki. Ndugu wa kwanza alitambuliwa mapema. Wa pili alisahauliwa tena na tena, na kila aliposahauliwa kuna watu waliougua.

1811 hadi 1926: Mafuta kama kuni

Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alianza kuchunguza mafuta mwaka 1811 kwa kuipasua sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya nguruwe. Alipochapisha kitabu chake kikuu mwaka 1823, alikuwa ameonyesha kwamba mafuta si kitu kimoja: ni gliserini iliyoshikamana na asidi mbalimbali. Chevreul aliishi miaka 102, na akafariki mwaka 1889 akiwa ameiachia dunia njia ya kuzitenganisha na kuzitaja asidi hizo moja moja.

Lakini waliomfuata katika elimu ya lishe hawakujali majina yake. Kwao mafuta yalikuwa kuni za mwili. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, ilhali gramu ya wanga au protini hutoa 4, na hesabu ikaishia hapo. Mwili unaweza kuigeuza sukari kuwa mafuta, kama ng'ombe na nguruwe wanaonenepa kwa nafaka wanavyoonyesha, kwa hiyo ilionekana hakuna haja ya kuyala.

Uvumbuzi wa vitamini uliongeza ukungu. Kuanzia 1913 watafiti walipogundua vitamini A ndani ya siagi, kisha D na E zilipofuata, kila faida iliyoonekana kutoka kwenye mafuta ilihesabiwa kuwa ya vitamini zilizomo. Mafuta yenyewe yalibaki kuwa chombo cha kubebea.

1927 hadi 1930: Mikia yenye magamba

Huko Berkeley, California, Herbert Evans, mmoja wa waliogundua vitamini E, alikuwa akiwalisha panya chakula kilichosafishwa kupita kiasi. George Burr, mkemia kijana, alijiunga naye. Mwaka 1927 wawili hao waliripoti kwamba hata panya walipopewa vitamini A, D na E, bado walidumaa endapo chakula hakikuwa na mafuta. Walidhani wamegundua vitamini mpya, na jina la vitamini F likaanza kutumika.

Burr alihamia Minnesota pamoja na mkewe, Mildred, aliyekuwa mshirika wake katika utafiti. Humo ndimo walimofanya jaribio lililobadili mambo. Waliiosha protini ya maziwa hadi isibaki chembe ya mafuta, wakaichanganya na sukari na madini, wakasubiri. Magamba yalipotokea, waliwapa panya mafuta kidogo sana ya nguruwe, na wagonjwa wakapona. Walipowapa sehemu ya mafuta ambayo si asidi, yaani pale ambapo vitamini hukaa, hakuna aliyepona.

Mwaka 1930 walitangaza jibu: dawa ilikuwa asidi ya linoleiki. Hii haikuwa vitamini, bali sehemu ya mafuta yenyewe, na ndipo wakaanza kutumia maneno "asidi muhimu za mafuta". Mafuta yasiyo na asidi hiyo kwa wingi hayakusaidia hata yakiliwa tele. Mafuta ya nazi, kwa mfano, yana takriban asilimia 2 tu ya linoleiki. Ndiyo maana baadaye maabara nyingi zilitumia mafuta ya nazi yaliyoongezewa hidrojeni kila zilipotaka kumnyima panya asidi hizo.

Wengi walilipokea jambo hilo kwa shaka. Fikra kwamba mafuta ni kuni ilikuwa imekomaa kwa karne nzima.

1938 hadi 1963: Mtu mmoja na watoto 428

Je, binadamu naye? Mwenzao akina Burr maabarani, William Redman Brown, alijitolea. Kwa miezi sita aliishi kwa maziwa yaliyoondolewa krimu, jibini isiyo na mafuta, sukari na vyakula vingine vya aina hiyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1938 yaliwashangaza wote. Ngozi yake haikupata neno, na hata kipandauso kilichokuwa kikimsumbua kilitoweka.

Kwa wenye shaka, huo ulikuwa ushahidi kwamba mtu si panya. Ukweli ni kwamba mtu mzima mwenye afya hubeba akiba kubwa ya asidi ya linoleiki katika mafuta ya chini ya ngozi, na miezi sita haitoshi kuimaliza. Swali lilihitaji mwili usio na akiba, yaani mwili wa mtoto mchanga.

Daktari wa watoto Arild Hansen, aliyekuwa Minnesota pamoja na Burr kabla ya kuhamia Texas, alilishika swali hilo kwa miaka 30. Alianza na watoto wenye ukurutu katika miaka ya 1930. Mwaka 1963 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya watoto 428 waliolishwa maziwa yenye viwango tofauti vya mafuta. Wale waliopewa maziwa yenye linoleiki kidogo mno walipata ngozi kavu, nene, inayobanduka, mithili ya panya wa mwaka 1929. Asidi iliporudishwa, ngozi ilipona. Tangu hapo linoleiki ikapata nafasi yake katika viwango vya maziwa ya kopo.

Ndugu wa pili hakutajwa. Magamba ya ngozi yalikuwa kipimo pekee, na omega-3 haiponyi magamba kama linoleiki inavyofanya. Wengi wakahitimisha kwamba haihitajiki.

1935 hadi 1971: Kazi iliyofichika

Wakati huohuo, mkondo mwingine wa utafiti ulikuwa ukitiririka upande wa Ulaya. Mwaka 1935 Ulf von Euler wa Sweden aliipa jina la prostaglandini dawa ya asili aliyoikuta kwenye shahawa, yenye nguvu ya kukaza misuli na kushusha shinikizo la damu. Alidhani hutoka kwenye tezi dume. Ilichukua miaka karibu 30 kujua inatengenezwa na nini. Mwaka 1964 Sune Bergström, naye Msweden, na David van Dorp wa Uholanzi, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba mwili huunda prostaglandini kutokana na asidi ya arakidoniki, ambayo ni mtoto wa linoleiki.

Hapo ndipo sababu ilipoeleweka. Asidi hizi hujenga utando wa kila seli, na kutoka kwenye utando huo mwili huchota malighafi ya vijumbe vinavyoamuru uvimbe, maumivu, homa, uchungu wa uzazi na kuganda kwa damu. Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alieleza kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini. Watu walikuwa wamemeza vidonge hivyo tangu mwishoni mwa karne ya 19 bila kujua vinagusa nini. Bergström, mwenzake Bengt Samuelsson, na Vane walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1982.

1960 hadi 1979: Kutoka Kampala hadi Greenland

Omega-3 ilianza kupata watetezi mbali na maabara za panya. Mmoja wao alifanya kazi Afrika Mashariki. Michael Crawford, mwanabiokemia Mwingereza, alifundisha Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960. Alilinganisha nyama ya nyati na wanyama wengine wa porini na ile ya ng'ombe walionenepeshwa. Kwenye nyama ya porini, sehemu kubwa ya mafuta ilikuwa ya ujenzi wa seli, yenye asidi muhimu nyingi. Kwenye ng'ombe wa kunenepesha, mafuta mengi yalikuwa akiba tupu. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1968 katika jarida la The Lancet.

Aliporudi London alizigeukia bongo za wanyama. Aina moja baada ya nyingine, iwe kubwa au ndogo, ubongo ulionyesha muundo uleule uliojaa arakidoniki na DHA. Kilichotofautiana kati ya wanyama kilikuwa ukubwa wa ubongo, wala si mafuta yaliyoujenga. Crawford aliendelea kusisitiza kwa miongo mingi kwamba anayejenga ubongo wa mtoto ni mama, kwa chakula anachokula kabla na wakati wa ujauzito.

Mwaka 1970 madaktari wawili wa Denmark, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walisafiri hadi wilaya ya Uummannaq, kaskazini magharibi mwa Greenland. Walikuwa wamesikia kwamba Wainuiti wanaoishi kwa nyama ya sili, nyangumi na samaki hawapati sana ugonjwa wa moyo ijapokuwa wanakula mafuta mengi. Walichukua damu ya watu 130. Lehemu na mafuta katika damu hiyo yalikuwa chini kuliko ya Wadenmark, na vipimo vya baadaye vilionyesha EPA nyingi na arakidoniki kidogo. Kufikia 1978 Dyerberg alieleza kwamba EPA hupunguza kuganda kwa damu.

Hugh Sinclair wa Oxford, ambaye tangu 1956 alikuwa akionya juu ya upungufu wa asidi hizi, aliamua kujifanyia jaribio mwenyewe. Mwaka 1979 alikula sili na samaki pekee kwa siku 100. Muda wa jeraha lake dogo kuacha kutoka damu ulipanda kutoka takriban dakika 3 hadi kufikia 50. Nguvu ya mafuta ya samaki ilidhihirika, na hatari ya kuzidisha pia.

Kisa cha Greenland kimerekebishwa tangu hapo. Bang na Dyerberg hawakupima mioyo ya Wainuiti. Walitegemea takwimu za hospitali, na uchambuzi wa watafiti wa Kanada mwaka 2014 ulionyesha kwamba takwimu hizo zilikuwa dhaifu. Mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba ulibaini kwamba Wainuiti wamerithi mabadiliko yanayoathiri jinsi miili yao inavyozishughulikia asidi za mafuta. Kinachomfaa Muinuiti hakiwezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa kinamfaa kila mtu.

1968 hadi 1982: Msichana aliyelishwa kwa dripu

Mwishoni mwa miaka ya 1960 madaktari wa Marekani walifanikiwa kuwalisha kupitia mishipani wagonjwa wasioweza kula. Dripu hizo zilikuwa na sukari, protini, madini na vitamini. Sweden ilikuwa na dripu ya mafuta ya soya tangu mwanzoni mwa muongo huo, lakini Marekani haikuiruhusu hadi 1975. Matokeo yakawa ni marudio ya Minnesota wodini: watoto wachanga na watu wazima waliolishwa bila mafuta walipata ngozi yenye magamba na vidonda visivyofunga. Ubishi juu ya linoleiki ukaisha.

Kisha akaletwa msichana wa miaka 6 aliyepigwa risasi tumboni na kupoteza sehemu kubwa ya utumbo. Alilishwa kwa dripu yenye mafuta ya kartamu, mmea wa jamii ya alizeti, yaliyojaa linoleiki lakini karibu hayana alfa-linoleniki. Baada ya miezi kadhaa ngozi yake ilikuwa nzima, lakini miguu ilimuuma na kulegea, akashindwa kutembea, alihisi ganzi, na macho yakawa yanaona ukungu. Ralph Holman, mwanafunzi wa zamani wa Burr na mtu aliyependekeza majina ya omega mwaka 1964, alipima damu yake na kukuta omega-3 imeporomoka. Dripu ilibadilishwa ikawa ya mafuta ya soya, na dalili zikatoweka.

Ripoti hiyo ya 1982 ilimhusu mtoto mmoja tu, na baadhi ya wataalamu walitaka ushahidi zaidi. Hata hivyo ilionyesha kwa nini ndugu wa pili alifichika kwa zaidi ya miaka 50. Watafiti walikuwa wakitazama ngozi, kumbe yeye alikuwa akifanya kazi kwenye neva, macho na ubongo.

1989 hadi 2020: Samaki na vidonge

Mwaka 1989 utafiti wa wanaume 2,033 wa Wales waliopona shambulio la moyo ulionyesha kwamba walioshauriwa kula samaki wenye mafuta angalau mara mbili kwa wiki walipungukiwa na vifo kwa asilimia 29 ndani ya miaka miwili. Mwaka 1999 utafiti wa Italia wa wagonjwa 11,324 ulipata faida kwa kidonge cha gramu 1 kwa siku. Biashara ya vidonge vya mafuta ya samaki ikashamiri dunia nzima.

Baadaye ilibidi kurudi nyuma. Mwaka 2018 utafiti wa VITAL uliohusisha Wamarekani 25,871 wasio na ugonjwa wa moyo, na ule wa ASCEND wa watu 15,480 wenye kisukari nchini Uingereza, hazikuona kinga ya maana dhidi ya jumla ya matukio makubwa ya moyo na mishipa ya damu. Dozi kubwa ya gramu 4 ilileta nafuu katika jaribio moja, na mwaka 2020 jaribio jingine halikuona kitu. Kidonge hakikuweza kubeba sifa zote za samaki, hasa kwa watu ambao tayari wanatumia dawa bora za moyo.

Kuhusu samaki wenyewe, ulinganisho mmoja ulio wazi ulifanyika Tanzania. Mwaka 1996 Paolo Pauletto na wenzake kutoka Italia walichapisha utafiti wa Lugalawa, Ludewa. Walilinganisha wanavijiji 618 wa mwambao wa Ziwa Nyasa, ambao samaki ni chakula chao cha kila siku, na wengine 645 wa milimani wanaoishi kwa nafaka na mboga. Walikuwa majirani wa asili moja. Wala samaki walikuwa na shinikizo la damu la chini, lehemu pungufu na omega-3 nyingi zaidi. Wenye shinikizo la juu la damu walikuwa asilimia 2.8 kando ya ziwa na asilimia 16.4 milimani.

Miaka kadhaa baadaye watafiti wa Groningen, Uholanzi, walipima damu ya akina mama wa Tanzania na watoto wao waliozaliwa: Wamasai wasiokula samaki, Wapare wanaokula mara 2 au 3 kwa wiki, na wakazi wa Sengerema wanaokula mara 4 au 5. DHA ya mama ilipanda kadiri samaki walivyoongezeka. Pale ambapo mama hakula samaki, mtoto alizaliwa na kiwango kikubwa kuliko cha mama yake. Mwili wa mama ulikuwa umejinyima ili kumpa.

1996 hadi leo: Karanga, kitani na dagaa

Mwaka 1996 Mfaransa André Briend alishirikiana na Michel Lescanne kubuni chakula tiba cha karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta na virutubisho, kisichohitaji kupikwa wala kuchanganywa na maji. Kimeokoa watoto wengi mno wenye utapiamlo mkali, na mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliidhinisha tiba ya majumbani inayokitegemea.

Lakini karanga ina linoleiki nyingi na karibu haina omega-3. Kwa mara nyingine mwili uliodhoofika ulipewa ndugu mmoja tu. Huko Kilifi, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulijaribu kukiongezea chakula hicho mafuta ya kitani. DHA ya watoto haikupanda, kwani mwili hugeuza sehemu ndogo tu ya alfa-linoleniki kuwa DHA. Ilipanda kwa watoto waliopewa pia mafuta ya samaki. Mwaka 2022 jaribio la watoto 2,565 nchini Malawi lilionyesha kwamba waliopewa chakula tiba chenye linoleiki iliyopunguzwa na DHA iliyoongezwa walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya maendeleo ya akili na mwili miezi sita baada ya kupona. Mwaka huohuo tume ya viwango vya chakula duniani, Codex, ilipitisha mwongozo unaoweka mipaka ya omega-6 na omega-3 katika chakula tiba.

Wataalamu wa FAO na WHO wanapendekeza linoleiki isipungue asilimia 2.5 ya nishati ya siku, alfa-linoleniki isipungue asilimia 0.5, na mtu mzima apate angalau miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku. Kiasi cha kwanza si tatizo kwa nyumba inayopikia alizeti. Upungufu upo kwa ndugu wa pili, na chakula chake kinauzwa kwa kisado kwenye masoko ya Mwanza, Kigoma, Kisumu na Kampala: dagaa, omena, mukene. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria huishia viwandani kuwa chakula cha kuku. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto aliyeanza kula wapewe fungu lao kwanza, kabla gunia halijapakiwa kwenda kiwandani.